Khampaeng, Mke wa Bunthan

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi na muziki. Nimeomba tuanze hivihivi, kwa sauti tupu, kwa sababu mtu aliyekuwa akituletea habari za zahanati kila Jumatatu kwenye redio hii hayupo tena. Mama Khampaeng amefariki. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, katika hospitali ya wilaya. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Kiharusi kilimkuta Jumapili asubuhi uani kwake, akipepeta pumba. Akalala siku mbili. Hakufumbua macho.

Narudia kwa ajili ya wale ambao ndio kwanza mnawasha redio. Mama Khampaeng wa Nong Khla, mhudumu wetu wa afya wa kujitolea, amefariki.

Wengi mnamjua kwa jina la Mama Chemsha. Wengine mnamwita yule mama wa vidonge. Wako wanaume kijijini kwetu, na vijiji vya jirani, ambao leo wanatembea wima, wanalima, wanawaita watoto wao kwa majina yao bila kukosea, na mkono wake umo. Lakini yeye mwenyewe, kwa miaka kumi na miwili, alitaka kitu kimoja. Alitaka mumewe amtazame na kumjua kuwa ndiye mkewe. Hicho tu. Nilikaa nyumba ya tatu kutoka kwao tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kumsikia akiomba kitu kingine hekaluni.

Basi tusikilizane, niwaeleze.

Mama Khampaeng alizaliwa hapahapa, upande wa tanuri la matofali. Shule aliishia darasa la nne, kama watoto wa kike wengi wa rika lake. Mashambani alikuwa na mikono myepesi. Kwenye kupandikiza mpunga alikuwa anaanza wa mwisho na kumaliza wa kwanza. Kosa lake moja lilikuwa haraka. Mistari yake haikunyooka.

Na hapo ndipo Bunthan alipomwona. Bunthan alikuwa kijana wa trekta la mkono, analima mashamba ya watu. Siku hiyo alisimamisha mashine kwenye tuta, akamtazama yule binti aliyeinama kwenye maji, akasema kwa sauti ya wote kusikia, "Dada, mstari wako umelewa."

Khampaeng hakuinua kichwa. Akamjibu, "Umelewa kwa moshi wa trekta lako. Lizime tuone."

Wanawake walicheka mpaka miche ikawaponyoka. Baada ya mavuno, mama yake Bunthan alikuja na sinia la tambuu na maneno mazuri. Khampaeng alikuwa na miaka ishirini. Bunthan ishirini na mmoja. Walioana, wakapata mtoto mmoja, Rattiya, ambaye sasa anafanya kazi kiwandani Rayong.

Wasikilizaji wapendwa, Bunthan alikuwa fundi. Hilo lazima niliseme, kwa sababu vijana wa sasa mnamjua tu kama yule mzee anayekaa kwenye ngazi. Alikuwa fundi wa injini. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini kwenye sikio, anafumba macho, halafu anakwambia kilichokufa ndani. Watu walimletea trekta kutoka vijiji vitano.

Na sisi tunajua desturi yetu. Mtu akikutengenezea kitu, humwachi aondoke na koo kavu. Unamletea glasi ndogo ya pombe nyeupe. Ni asante. Akikataa, ni kama amekataa mkono wako. Injini moja, glasi moja. Msimu wa kulima, injini zilikuwa nane, kumi kwa siku. Hakuna aliyemlewesha Bunthan, lakini kila mmoja wetu alimpa glasi moja. Baba yangu alimpa. Nadhani na baba yako pia.

Ilipofika miaka yake ya arobaini na kitu, glasi ya kwanza ilikuwa inatangulia injini ya kwanza. Halafu ikawa inatangulia kunawa uso. Chakula kikawa hakina nafasi. Tonge moja la wali wa kunata, linachovywa kwenye samaki wa mtungi, yule tunayemvundika kwa chumvi, mbichi, basi. Siku nzima ni hilo tonge na chupa. Mwili wake ukabaki kama koti kwenye msumari.

Mama Khampaeng alimwomba aache. Alimwomba mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Rattiya ananiambia mama yake hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa anasubiri Bunthan amalize kula lile tonge, kisha anamwambia maneno yaleyale, kwa sauti ileile: "Baba Rattiya, mwaka huu Mfungo wa Mvua twende pamoja ukaandike jina."

Mwaka ule wa tatu, Bunthan akasema sawa.

Mnajua siku hiyo inavyokuwa. Mfungo wa Mvua unaanza, watawa wanatulia hekaluni miezi mitatu, na wanaume wanaotaka kuacha pombe wanapanga mstari mbele ya Baba Mtawa kuandika majina kwenye daftari la nadhiri. Mama Khampaeng alivaa sketi ya hariri aliyoifuma mwenyewe. Bunthan alishika kalamu kwa mikono miwili ili isitetemeke. Aliandika jina lake lote. Watu walifurahi. Mimi nilikuwa pale na mama yangu, na namkumbuka Mama Khampaeng akitabasamu huku amefunika mdomo, kama bibi harusi.

Bunthan aliacha siku ileile. Hata tone. Aliacha kama mtu anavyozima taa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yalipogeukia, na hapa ndipo sote tulipokosea.

Siku ya kwanza ilikuwa njema. Siku ya pili mikono ilitetemeka. Siku ya tatu alikuwa anafuta siafu ukutani, na ukutani hapakuwa na siafu. Alitapika. Hakula. Majirani walikuja, wakakaa kwenye mkeka, wakasema ni arosto, sumu inatoka, mwacheni itoke. Wakasema mpe vitu vitamu apate nguvu. Mama Khampaeng akamkorogea sharubati nyekundu, tamu hasa. Mara nne kwa siku. Ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni.

Hakuna aliyesema zahanati. Si kwamba ni mbali, ni pale karibu na mnara wa maji. Lakini mtu aliyeweka nadhiri juzi, leo apelekwe zahanati? Watu wangesema imemshinda. Na Mama Khampaeng alikuwa na hofu nyingine, ambayo alikuja kunieleza miaka mingi baadaye kwa aibu. Aliogopa kule watampa dawa yenye kilevi ndani, nadhiri ivunjike mikononi mwake.

Siku ya nane macho ya Bunthan yalikuwa yanacheza, hayatulii mahali. Akitembea anatanua miguu kama mtoto anayejifunza. Kisha akalala, akalala sana. Mama Khampaeng alishukuru. Alifikiri ndio kupona kwenyewe.

Siku ya kumi na moja aliamka ametulia. Alikaa kwenye mkeka, akatazama chumba, akamtazama mkewe. Kwa heshima kabisa akasema, "Samahani, mama. Hapa ni kwa nani?"

Ndipo wakaenda hospitali.

Daktari alimchoma sindano za vitamini, ile inayoitwa B1, asubuhi na jioni. Muuguzi Oraphin, ambaye wakati huo alikuwa hospitali ya wilaya na sasa yuko zahanati yetu, alikuwepo. Aliniambia hivi juzi nilipokwenda kumuuliza. Mtu anayekunywa miaka mingi bila kula, mwili unaishiwa hiyo B1. Ubongo unaitegemea. Na mwili unapopewa sukari, unaitumia B1 iliyobaki ili kuichoma hiyo sukari. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa apate vitamini kwanza. Tena mnywaji mkubwa hatakiwi kuacha ghafla peke yake nyumbani. Wengine hupata degedege. Wengine hufa.

Mama Khampaeng alisikiliza yote. Kisha akauliza swali moja. Aliuliza kama sharubati ni sukari.

Muuguzi Oraphin anasema hilo ndilo swali gumu kuliko yote aliyowahi kujibu. Alimwambia, "Dada, ulimpa ulichokuwa nacho." Mama Khampaeng akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Hakulia. Alikunja kitambaa alichokuwa nacho, akakikunjua, akakikunja tena.

Macho ya Bunthan yalitulia baada ya siku chache. Miguu ilirudi kwa miezi. Kumbukumbu haikurudi. Kile cha zamani sana kilibaki, kile cha utoto na ujana. Miaka thelathini iliyofuata ilifutika. Na kipya hakikai. Ukimwambia jambo asubuhi, mchana halipo.

Pombe nayo aliisahau. Hakuiulizia tena hata siku moja. Mama Khampaeng alipata alichoomba hekaluni. Mume aliyeacha pombe.

Wasikilizaji wapendwa, sasa niwaambie mlichokuwa hamjui. Bunthan hakumsahau Khampaeng. Alimkumbuka sana, ila alimkumbuka akiwa na miaka ishirini. Alikuwa anakaa kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe, na mkewe anamenya vitunguu pembeni, na anamwambia, kama unavyomwambia mama jirani unayemwamini, kwamba kuna binti upande wa tanuri la matofali. Mdomo mkali. Anaitwa Khampaeng. Mavuno yakiisha atamtuma mama yake. Halafu anauliza kwa wasiwasi, "Mama, unadhani atanikubali?"

Na Mama Khampaeng anamjibu, "Atakubali. Kula kwanza."

Alimwambia hivyo mwaka wa kwanza. Alimwambia hivyo mwaka wa kumi.

Alijaribu kumweleza ukweli. Mara moja alileta picha ya harusi, akaiweka kwenye mapaja yake. Bunthan aliishika kwa furaha. Akasema binti ndiye huyu. Kisha akamgeukia, uso umebadilika, akamuuliza amepata wapi picha ya mchumba wa watu. Hakumrudishia ile picha kutwa nzima. Mama Khampaeng akasubiri mpaka amesahau, akaichukua taratibu, akairudisha kabatini. Toka hapo hakumlazimisha. Alikuwa anasubiri. Rattiya alimsihi mara nyingi wahame, waende wote Rayong, kuna hospitali kubwa, kuna bahari ya kutembelea. Jibu lilikuwa lilelile. "Na siku akinikumbuka, asinikute nyumbani?"

Kila asubuhi alimpa kidonge cha B1 na uji wenye yai. Madaktari walishamwambia kilichopotea huenda kimepotea moja kwa moja. Alielewa. Lakini huenda ni huenda, na yeye aliishi humo ndani ya huenda miaka kumi na miwili.

Mwaka uliofuata baada ya Bunthan kuugua, Mfungo wa Mvua ulipokaribia, Mama Khampaeng alikwenda kwa Baba Mtawa. Alipiga magoti, akaomba jambo. Aliomba kwamba kabla mtu hajaandika jina kwenye daftari, apite kwanza zahanati. Wiki moja kabla. Apimwe, aulizwe anakunywa kiasi gani. Wanaokunywa sana wasiache kwa siku moja, waache chini ya mikono ya wauguzi. Na wote wapewe vidonge vya vitamini waanze kumeza kabla ya nadhiri.

Baba Mtawa hakupenda. Alisema nadhiri ni jambo la moyo. Ukiitia vidonge ndani yake, watu watadhani moyo hautoshi.

Mama Khampaeng akamwambia, "Baba Mtawa, moyo wa mume wangu ulitimiza nadhiri. Haujavunja hata leo. Kichwa chake ndicho hakijarudi."

Baba Mtawa akamwita mtawa mmoja, akamwambia aandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: zahanati kwanza.

Hapo ndipo tulipompata Mama wa vidonge. Alifundishwa, akapewa fulana ya wahudumu na mfuko wa begani. Kila asubuhi, watawa wakishapita kupokea wali, na yeye anapita nyuma yao nyumba kwa nyumba, kwa wale walioandika majina. Anakaa mpaka umemeza. Hakuachii mkononi.

Wanaume walimchosha. Kwanza wapo waliodhani kidonge chenyewe ndicho kinaachisha pombe. Samran, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mmoja wao. Alimeza kidonge asubuhi, jioni akanywa, akasema hakuna tatizo, kesho si nameza tena. Baadaye akapita mtu na gari lenye kipaza sauti, anauza chupa zenye maandishi ya dhahabu, anatangaza kwamba ukinywa kijiko kimoja hutatamani pombe maisha yako yote. Samran akanunua. Akamletea Mama Khampaeng aione, kwa kiburi kidogo.

Samran mwenyewe yupo hapa studio pembeni yangu, na ameniruhusu niseme. Anasema Mama Khampaeng aliigeuza ile chupa, akaisoma pole pole kama anavyosoma mtu wa darasa la nne, akairudisha. Akamwambia, "Kaka Samran, hakuna chupa inayoachisha chupa. Hata hivi vidonge vyangu haviachishi. Anayeacha ni wewe. Hivi vinalinda kichwa, ili ukishaacha uwe bado wewe."

Samran anasema alitaka kucheka. Halafu akatazama ng'ambo ya ukuta, akamwona Bunthan kwenye ngazi, anamsalimia kwa mara ya nne asubuhi hiyo kama mgeni. Hakucheka.

Vita kubwa ilikuwa ya samaki wa mtungi. Muuguzi Oraphin alimfundisha kwamba samaki wa mtungi akiliwa mbichi anaiua ile vitamini tumboni. Unameza kidonge, unachovya tonge, unakuwa hujameza kitu. Akichemshwa, hana neno. Basi Mama Khampaeng akaanza kuingia jikoni za watu. Chemsha, chemsha. Wasikilizaji, ninyi mnajua. Kumwambia mtu wa huku achemshe samaki wa mtungi ni kama kumwambia aoshe chumvi. Mwanamume mmoja alimwambia mbele za watu kwamba akishachemshwa, samaki huyo anafaa kuoshea miguu. Mama Khampaeng akamjibu na miguu yake inahitaji.

Jina la Mama Chemsha likaanzia hapo. Alilipenda.

Pumba nazo. Aliwaambia wake wa wale wanaume kwamba ule unga laini unaotoka kinuni mwa mashine, ambao tunawapa nguruwe, ndiko B1 ya mpunga iliko. Sisi tunakula weupe, nguruwe wanakula vitamini. Alikuwa anaupepeta, anaukaanga kidogo mpaka unanukia karanga, anauchanganya na ndizi na yai. Si badala ya kidonge, ni nyongeza. Wanaume walisusa. Walisema wamekuwa mifugo sasa. Akawaambia, taratibu, huku anawapa kijiko, "Nguruwe wangu wote wanaijua njia ya nyumbani."



Samran alianguka mara mbili. Mwaka wa kwanza hakufika hata nusu ya mfungo. Anasema asubuhi baada ya kulewa alijificha chooni, kwa sababu alisikia ndara za yule mama zinakuja. Mama Khampaeng alikaa kwenye benchi nje. Alikaa mpaka jua lilipopanda. Samran alipotoka, akampa kidonge na uji, akamuuliza kama mkewe amepona jino. Basi. Huu ni mwaka wa sita Samran hajanywa.

Nisiwape picha kwamba wote walishika. Wapo walioacha, na mfungo ulipoisha wakarudi chupani siku ileile, tunawajua, wengine ni wajomba zetu. Mama Khampaeng alijua pia. Alikuwa anasema kazi yake si kuwazuia kurudi. Kazi yake ni kwamba siku wakiamua tena, kiwepo kichwa cha kuamulia. Mwaka jana wanaume kumi na tisa waliandika majina. Kumi na tisa wote walipita zahanati kwanza. Toka Bunthan, hakuna mwingine aliyeamka akamuuliza mkewe hapa ni kwa nani.

Hilo alilipata. Lile la kwake hakulipata.

Wiki moja kabla hajaugua, nilipita kwao kuchukua taarifa ya Jumatatu. Nilimkuta amekaa ngazi ya chini, Bunthan ngazi ya juu. Bunthan alikuwa anamweleza habari za yule binti. Mama Khampaeng alikuwa anasikiliza kama hajawahi kusikia, anauliza maswali. Anauliza binti huyo anacheka vipi. Anauliza anapenda nini. Bunthan anajibu yote, sahihi. Nilisimama nyuma ya mtungi wa maji nisiwakatize. Nilimwona Mama Khampaeng amegeuza uso pembeni, na uso ule ulikuwa wa mtu mwenye kiu anayeangalia maji yanapita upande wa pili wa ua.

Alinikuta pale. Akasema, "Anamjua yule vizuri. Mimi ndiye hanijui."

Halafu akanipa taarifa ya Jumatatu, akanikumbusha niseme samaki wachemshwe.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Khampaeng tulimchoma Ijumaa, hekaluni kwetu. Wanaume wengi walibeba jeneza kwa zamu. Kabla ya hapo, Jumatano, tulimmwagia maji mkononi kama ilivyo desturi, mmoja mmoja. Rattiya alimshika baba yake mkono, akampeleka mbele. Bunthan alipokea kikombe kwa adabu, akamimina taratibu juu ya ule mkono. Akautazama uso. Akasema huyu mama alikuwa mwema sana kwake. Kisha akamgeukia Rattiya, akanong'ona, lakini sisi tuliokuwa karibu tulisikia, "Mumewe ameshaambiwa?"

Rattiya alimwambia bado, wanatafuta namna ya kumwambia.

Bunthan akasema wamwambie pole pole.

Sasa ni siku ya tano tangu tumchome. Rattiya ameomba ruhusa kiwandani, yuko nyumbani na baba yake. Jana alikuja hapa studio, akakaa kwenye kiti hiki ninachokalia. Alinieleza kwamba kila asubuhi anampelekea baba yake kidonge na uji, na baba yake hapokei. Anasema hapana, asante, hivyo huwa anavileta yule mama. Rattiya anamuuliza mama yupi. Hajui jina. Hajui ni nani kwake. Anaonyesha tu kwa mkono upande wa jikoni. Jana alimwambia Rattiya, "Asubuhi haianzi mpaka aje." Na yuko pale kwenye ngazi tangu alfajiri, hashuki. Bunthan, ambaye hakumbuki alichokula saa moja iliyopita, anamngoja mtu.

Nilimuuliza Rattiya kama amemwambia. Akasema hajaweza. Akaniomba nimwambie mimi, kwa redio. Amesema saa hizi atakuwa ameiweka karibu naye, na yeye atakuwa amemshika mkono. Nilisita. Nilimwambia ataumia, na jioni atakuwa amesahau, na kesho atangoja tena. Nilimuuliza faida yake nini.

Rattiya akasema, "Hata kama ni nusu saa. Mama awe na mume nusu saa."

Kwa hiyo kabla sijafika hapo, niseme na ninyi wengine. Mfungo wa Mvua unaanza Jumamosi ya wiki ijayo. Unayetaka kuandika jina, andika, hilo ni jambo zuri. Ila zahanati kwanza. Muuguzi Oraphin yupo, na ameshaleta mtu wa kushika mfuko wa Mama Khampaeng mpaka apatikane mwingine. Na sisi tunaomkaribisha fundi glasi ya asante, tukae tufikiri. Kuna asante nyingi, hata yai ni asante. Kama kuna mtu nyumbani kwako anatetemeka leo kwa sababu ameacha, usione aibu, mpeleke leo.

Kwa Rattiya, kwa dada na kaka zake Mama Khampaeng, kwa Samran na wenzake waliokuwa wakimwita mama bila yeye kuwazaa, poleni sana. Redio hii inawapa pole kwa niaba ya vijiji vyote vinavyotusikia.

Na sasa Baba Bunthan. Ni mimi, binti wa nyumba ya tatu. Hunijui, si neno. Yule mama unayemngoja, anayekuletea kidonge na uji, jina lake ni Khampaeng. Ndiye Khampaeng. Ulimtuma mama yako, mkaoana, mkaishi pamoja miaka arobaini na mmoja, na huyo aliyekushika mkono ni mtoto wenu. Hatakuja asubuhi hii, Baba. Amefariki.

Pole kwa kufiwa na mkeo.